Bafa kufurika kwenye osslsigncode: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaotia saini programu zao kabla ya kuzitoa, na zaidi ni ya wanaohakiki saini za programu za wengine. Kama una haraka: angalia leo toleo la osslsigncode ulilonalo. Likiwa 2.3 au la nyuma yake, liondoe, weka jipya, ndipo urudi kusoma.

osslsigncode ni nini?

Windows hutambua mwenye programu kwa utaratibu wa Microsoft unaoitwa Authenticode: saini ya kidijitali pamoja na cheti vinapachikwa ndani ya faili yenyewe. Chombo cha Microsoft cha kazi hiyo, signtool, hufanya kazi ndani ya Windows. Lakini watu wengi hujenga programu zao za Windows kwenye seva za Linux, na hao ndio osslsigncode inaowahudumia. Imeandikwa kwa lugha ya C, inategemea OpenSSL (maktaba ya kazi za usimbaji fiche na vyeti), na inaweza kutia saini, kuiondoa, kuitoa nje ya faili, kuiambatisha na kuihakiki, kwenye faili za EXE, DLL, SYS, CAB, CAT na MSI.

Kwa sababu ni ndogo na haina makuu, mara nyingi ipo mahali ambapo hakuna anayekumbuka kuiweka: ndani ya kontena (mazingira yaliyofungwa peke yake) la kujengea programu, au ndani ya skripti iliyoandikwa na mtu aliyeshahama timu.

Tatizo lenyewe ni lipi?

Tarehe 6 Machi 2022 lilitoka toleo 2.3. Maelezo yake hayakuzunguka: yalisema linarekebisha kasoro kadhaa kubwa za kuharibu kumbukumbu, kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza faili ambayo osslsigncode ikiisoma itajikuta inaendesha maagizo ya mtu huyo, na kwamba yeyote anayeitumia kwa faili asizoziamini ahame mara moja.

Julai 2023 udhaifu wa bafa kufurika ukaingizwa kwenye CVE, orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, kwa namba CVE-2023-36377, ukieleza kwamba faili ya .exe, .sys au .dll iliyotengenezwa kwa makusudi inaweza kumpa mshambuliaji nafasi ya kuendesha maagizo yake. Ukali wake ulipewa alama 7.8 kati ya 10.

Tazama tarehe hizo mbili. Kati ya onyo la mradi wenyewe na namba ya CVE umepita zaidi ya mwaka mmoja. Timu nyingi huachia skana (programu inayokagua vifurushi vyenye udhaifu unaojulikana) kazi ya kuwaambia kipi ni kibovu, na skana husoma namba hizo. Onyo lilikuwa limeandikwa waziwazi muda wote huo, ila mahali ambapo skana haifiki. Kwa chombo kinachogusa ufunguo wako wa kutia saini, soma maelezo ya kila toleo kwa macho yako. Ni kurasa chache tu kwa mwaka.

Mradi unasema 2.3 ndilo lililorekebishwa, CVE inasema "2.3 na ya nyuma". Nimwamini nani?

Usimalize siku kwenye ubishi huo. Matoleo 2.4, 2.5, 2.6, 2.7 na mengine yameshatoka. Weka jipya kabisa, na swali linakufa lenyewe.

Bafa kufurika maana yake nini hasa?

Bafa ni eneo la kumbukumbu lililotengwa kwa kiasi fulani cha data. Lugha ya C haimzuii mwandishi wa programu kuandika nje ya eneo hilo. Inamwachia yeye ahakikishe kipimo. Asipohakikisha, data inayozidi inaandikwa juu ya kitu kingine kilichokaa jirani.

Tuione kwa karibu kwenye faili ya EXE. Kuanzia nafasi ya 60 ya faili kuna namba ya baiti 4 inayosema kichwa cha PE, yaani muundo wa faili za programu za Windows, kinaanzia wapi. Ndani ya kichwa hicho kuna jedwali, na mstari wake wa tano unasema mambo mawili kuhusu saini: inaanzia wapi kwenye faili, na ina ukubwa gani. Ukienda hapo unakuta baiti 4 za urefu, 2 za toleo la muundo, 2 za aina ya cheti, kisha saini yenyewe. Urefu uliotajwa unahesabu pia hizo baiti 8 za mwanzo, kwa hiyo mwandishi wa programu hutoa 8 ili apate urefu wa saini peke yake.

Sasa mshambuliaji anaandika kwamba urefu ni 4. Kwa hesabu ya kawaida, 4 kutoa 8 ni hasi 4. Lakini namba hii ni ya biti 32 isiyo na hasi, kwa hiyo jibu linazunguka na kuwa 4,294,967,292. Programu isiyokagua inaamini kwamba saini ina karibu baiti bilioni nne na milioni mia tatu, na inaanza kunakili.

Hata anayekagua anaweza kukagua vibaya. Ukaguzi ambao huja haraka kichwani ni huu: mwanzo ukijumlishwa na ukubwa usizidi urefu wa faili. Mshambuliaji anaandika mwanzo 4,294,967,280 na ukubwa 32. Jumla yake kwa biti 32 ni 16. Ukaguzi unapita, maana 16 ni ndogo kuliko faili yoyote ile. Njia sahihi ni kuanza na ukubwa: usizidi faili. Kisha mwanzo usizidi urefu wa faili ukishatoa ukubwa huo. Kutoa badala ya kujumlisha, basi, na mlango umefungwa.

Hiyo ni mifano ya aina ya makosa yanayoota kwenye wasomaji wa PE. Sidai kwamba ndiyo mistari ileile iliyorekebishwa kwenye osslsigncode. Na PE ni rahisi ukiilinganisha na MSI, ambayo ndani yake imepangwa kama diski ndogo: imegawanywa katika vipande vya baiti 512 au 4096, na majedwali yanayosema baada ya kipande hiki nenda kile. Kichwa chake kinabeba nafasi 109 za kwanza za majedwali hayo, na yakizidi yanaendelea kwingine ndani ya faili. Kila kiungo kwenye mnyororo huo ni namba iliyoandikwa na mwenye faili. Inaweza kuelekeza nje ya faili, au kujirudia bila mwisho. Msomaji wa MSI anapaswa kushuku kila moja.

Data kumwagikia jirani kunamfikishaje mtu kwenye kuendesha maagizo yake?

Inategemea jirani ni nani. Bafa ikiwa kwenye steki (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea), jirani mmoja ni anwani ambayo programu itarudi ikimaliza kazi iliyopo. Ukiibadilisha, programu inarudi unakotaka wewe. Bafa ikiwa kwenye hipu (kumbukumbu ambayo programu huiomba inapoihitaji), majirani ni data nyingine za programu, na baadhi yake ni anwani za kazi zitakazoitwa baadaye.

Si jambo geni. Mnyoo wa Morris, programu hasidi iliyojisambaza yenyewe Novemba 1988, ulipenya kwenye kompyuta kwa njia kadhaa, na mojawapo ilikuwa bafa ya baiti 512 kwenye huduma ya fingerd, iliyokuwa ikipokea mstari wa maandishi bila kuuliza urefu wake.

Tangu hapo zimewekwa kinga: alama ya siri kwenye steki inayokaguliwa kabla ya kurudi, kumbukumbu ya data isiyoruhusiwa kuendeshwa kama maagizo, na kupanga anwani kwa bahati nasibu kila programu inapoanza. Zinasaidia sana, na mara nyingi shambulio huishia programu kuanguka tu. Lakini faili inayoweza kutumwa mara elfu moja kwenye seva inayojianzisha upya yenyewe ina muda wa kutosha wa kubahatisha.

CVE inasema "mshambuliaji wa ndani". Seva yangu hakuna anayeingia. Niko salama?

Maneno hayo yamepotosha watu wengi. Hayamaanishi mtu mwenye akaunti kwenye seva yako. Yanamaanisha kwamba udhaifu hauguswi kwa kutuma pakiti kwenye mtandao. Unaguswa faili inapofunguliwa na chombo kilichopo hapo. Faili hiyo inaweza kutoka popote. Kama una tovuti ambayo watu hupakia programu zao nawe unahakiki saini zake kwa osslsigncode, mshambuliaji yuko bara jingine na amefika.

Mimi nahakiki tu, sitii saini. Si ndiyo salama zaidi?

Hapana, na hapa ndipo ninapotaka tuelewane kuliko mahali pengine pote.

Watu huona uhakiki kama ukaguzi unaofanyika kabla ya kuamini chochote. Nia ni njema, lakini angalia mpangilio wa kazi yenyewe. Saini ya Authenticode imo ndani ya faili. Ili uipate lazima usome kichwa, jedwali, na rekodi ya cheti. Ili ukokotoe hashi, yaani muhtasari wa faili unaolinganishwa na saini, lazima uruke sehemu tatu: namba ya ukaguzi iliyomo kichwani, ule mstari wa jedwali unaotaja saini, na rekodi ya saini yenyewe, kwa kuwa hizo hubadilika saini inapowekwa. Huwezi kuziruka bila kwanza kusoma ziko wapi. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuchambua faili inafanyika kabla hujajua lolote kuhusu aliyeitengeneza. Faili yenye sumu haihitaji saini halali, wala haihitaji kufaulu uhakiki. Inahitaji kusomwa tu.

Ndiyo maana anayehakiki faili za wageni yuko hatarini zaidi ya anayetia saini faili zake mwenyewe. Na anayefanya yote mawili kwenye mashine moja amewakutanisha mgeni na ufunguo.

Natia saini faili ninazojenga mwenyewe. Nipuuze?

Hatari yako ni ndogo, lakini hebu hesabu ni faili ngapi kati ya unazotia saini umezijenga kweli kutoka kwenye msimbo. Kwenye kifurushi cha kawaida kuna DLL za maktaba zilizokuja zimeshajengwa, dereva (programu ya kuendeshea kifaa) ya mtengenezaji wa kifaa, pengine na programu ya kusakinisha ya kampuni nyingine. Zote hupita kwenye chombo kilekile. Miradi ya wazi ina njia nyingine tena: mchango wa mtu usiyemjua ukijengwa na kutiwa saini bila kupitiwa na mtu, yeye ndiye aliyeamua baiti za faili hiyo.

Ufunguo wangu uko kwenye kifaa maalumu, hautoki. Bado niogope?

Tangu tarehe 1 Juni 2023, kanuni za CA/Browser Forum, jukwaa la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, zinataka funguo za vyeti vya kutia saini vinavyoaminika na umma zikae kwenye kifaa kilichothibitishwa, kwa kiwango cha FIPS 140-2 ngazi ya 2 au Common Criteria EAL 4+. Ni hatua nzuri. Ufunguo hauwezi kunakiliwa na kubebwa.

Lakini kifaa hufanya kinachoagizwa na programu iliyofungua kikao nacho. Maagizo ya mshambuliaji yakiendeshwa ndani ya osslsigncode wakati kikao kimefunguliwa na PIN imeshaingizwa, hana haja ya kuiba ufunguo. Anaomba saini, anapewa, na saini hiyo ni halali kama zako zote.

Kinga hapa ni mbili. Kwanza, kikao kifunguliwe kwa faili moja na kufungwa, si kubaki wazi siku nzima. Pili, daftari la kifaa lilinganishwe na orodha ya programu ulizotoa. Kifaa kikisema kimetia saini mara 41 nawe ulitoa faili 40, simamisha kila kitu mpaka umeipata hiyo moja.

Si mnakuza mambo? Ni saini tu.

Saini ndiyo inayofanya Windows ifungue mlango. Mwaka 2010 mnyoo wa Stuxnet ulibeba madereva yaliyotiwa saini kwa vyeti vya Realtek na JMicron, kampuni mbili halali ambazo hazikuhusika na mnyoo huo. Mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba watumiaji wa ASUS walikuwa wamepelekewa masasisho yenye programu hasidi, yakiwa na saini ya kampuni yenyewe. Matukio hayo hayakutokana na osslsigncode. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kile anachokitafuta mtu anayejisumbua kushambulia mashine ya kutia saini: jina lako, alitumie kwa wanaokuamini.

Nitajuaje nina toleo gani?

Andika `osslsigncode --version`. Lakini usitosheke na mashine moja. Tafuta ndani ya picha za kontena, hasa zile zilizojengwa zamani na kuhifadhiwa ili kuharakisha kazi. Tafuta kwenye hazina ya msimbo, maana wapo wanaoweka humo programu iliyokwisha kujengwa. Tafuta kwenye kompyuta za waandishi wa programu.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: mifumo ya Linux yenye matoleo ya muda mrefu hurudisha marekebisho ya usalama kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba kuu. Kwa hiyo kifurushi kinachosema 2.1 kinaweza kuwa kimeshatibiwa. Usikisie. Soma historia ya mabadiliko ya kifurushi chenyewe na utafute namba ya CVE humo. Usipoiona, kihesabu kuwa kibovu.

Siwezi kubadilisha toleo leo. Nifanye nini kwa sasa?

Tenganisha. Uhakiki wa faili za nje uhamie kwenye kontena la kutupwa: lisilo na mtandao, lisilo na ufunguo, lisiloendeshwa kama msimamizi mkuu, linalozaliwa kwa faili moja na kufutwa. Linachorudisha kiwe jibu fupi tu, imekubaliwa au imekataliwa. Mashine ya kutia saini isipokee kitu kingine isipokuwa faili zilizotoka kwenye ujenzi wako.

Hata baada ya kuweka toleo jipya, mpango huu usiuvunje. Toleo jipya linaziba kasoro zilizojulikana. Utengano unakulinda na ambazo bado hazijaonekana.

Nitajuaje kama nimeshashambuliwa?

Anza na daftari za mfumo. Shambulio la kumbukumbu mara nyingi hutanguliwa na majaribio yaliyoshindwa, na majaribio yaliyoshindwa huacha alama: osslsigncode kuanguka ghafla kwa kosa la kumbukumbu, tena kwenye faili zinazofanana. Kisha angalia kama iliwahi kuzaa mchakato mwingine, kama vile kuita ganda la amri. Haina sababu ya kufanya hivyo. Angalia pia miunganiko ya mtandao. Kwa kawaida inaweza kuzungumza na seva ya kupiga muhuri wa muda (uthibitisho wa saa ambayo saini iliwekwa), au kutafuta orodha ya vyeti vilivyobatilishwa. Anwani nyingine yoyote inahitaji maelezo.

Faili iliyoangusha chombo usiifute. Ihifadhi mahali pasipofunguliwa kwa bahati mbaya, ndiyo ushahidi wako.

Nibatilishe cheti?

Ikiwa ufunguo ulikuwa faili ya kawaida kwenye mashine iliyokuwa ikisoma faili za wageni kwa toleo bovu, na una dalili mojawapo ya hizo hapo juu, ndiyo. Zungumza na mtoa cheti wako siku hiyohiyo.

Tarehe ya kubatilisha ichaguliwe kwa uangalifu. Saini iliyopigwa muhuri wa muda kabla ya tarehe hiyo huendelea kukubalika, ya baada yake hukataliwa. Ukiiweka mbele mno, faili za mshambuliaji zinabaki hai. Ukiirudisha nyuma mno, wateja wako wanaona programu zao halali zikikataliwa. Itafute siku ya mapema kabisa ambayo mashine inaweza kuwa iliingiliwa, uitumie hiyo, na ujiandae kutia saini upya vilivyotoka baada yake. Saini zisizo na muhuri wa muda zinakufa zote, na ukiwa nazo utajua leo kwa nini muhuri huo hauachwi.

Faili nilizotia saini kwa toleo bovu nizitie saini upya?

Hapana. Kasoro iko kwenye kusoma faili, haiko kwenye hesabu za saini. Saini zako ni nzima.

Watumiaji wa Windows wanaopokea programu zangu wameathirika?

Hapana. Windows huhakiki saini kwa msimbo wake yenyewe, haitumii osslsigncode.

Kwa nini isiandikwe upya kwa lugha salama kama Rust?

Ingesaidia. Ule urefu wa 4 ungeishia kwenye kosa na programu kusimama, badala ya kumwagika kwenye kumbukumbu. Ila kuandika upya chombo kinachotegemewa na watu wengi ni kazi ya muda mrefu, na mara nyingi ni ya mtu mmoja au wawili wanaojitolea. Anayetaka kuharakisha asaidie kwa kazi au kwa fedha. Kudai hakutoshi.

Ninatunza chombo kama hiki. Nianzie wapi?

Jenga nakala ya majaribio yenye AddressSanitizer, ambayo husimamisha programu palepale inapogusa baiti isiyo yake. Kisha ulishe nakala hiyo faili zilizoharibiwa kwa bahati nasibu, kwa kutumia AFL++ au libFuzzer. Mbegu ziwe faili ndogo zilizo halali: EXE moja yenye saini, moja isiyo nayo, CAB, na MSI moja ya vipande vya 512 na nyingine ya 4096. Anza na njia ya uhakiki, kwa kuwa ndiyo inayokutana na wageni.

Kila faili itakayoangusha chombo ibaki kwenye majaribio ya kudumu, ili kasoro ile isirudi mtu mwingine akipanga msimbo upya. Weka waziwazi anwani ambayo mtu anaweza kukuandikia faraghani akigundua udhaifu. Ukishaurekebisha, omba namba ya CVE siku hiyohiyo unapotoa toleo, maana wanaotegemea skana hawatakusikia vinginevyo.